Jumapili Tatu za Koti la Colman

Dublin, Jumatatu, 12 Oktoba 1908

Msimu wa tamthilia umeanza na mvua imeanza nao. Paa la ukumbi linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya sanduku la kofia, nami nimeweka ndoo ileile. Jengo hili lilikuwa ghala la shayiri kabla watu hawajaamua kwamba taifa linahitaji tamthilia zake lenyewe, na siku za mvua bado linanuka nafaka. Mimi ndiye mshonaji, mpiga pasi, mtunza mavazi na mnung'unikaji mkuu. Waigizaji wetu ni makarani na walimu wanaokuja mazoezini na njaa zao baada ya kazi, na wote wanataka kuvaa kama wakulima wa magharibi ambao hawajawahi kuwatia machoni.

Bwana Hartigan, mwandishi wetu, amerudi leo kutoka Mayo, huko magharibi. Ni mtoto wa jumba kubwa la wenye ardhi, Mprotestanti, ana kikohozi na viatu vizuri, nami nampenda, sioni haya kuandika hivyo. Katika watu wa majumba makubwa ndiye wa kwanza kuniuliza naonaje, kisha akangoja jibu. Tamthilia yake mpya ni ya mama wa kijijini aliyefiwa na mwanawe. Alikuja na furushi, akalifungua mezani kwangu taratibu: koti, kizibao na suruali, sufu ya kijivu iliyofumwa nyumbani.

"Ya kweli, Bi Mulhern," akasema. "Hapa Dublin hakuna mshonaji anayeweza kutoa kitu kama hiki."

Nikakohoa kidogo. Akawa mwekundu, akaniomba radhi.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mzee mmoja. Ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango wake. Nilipoisifu alinisukumia mikononi, hakutaka hata kuzungumza bei. Nimemwandikia barua ya shukrani."

14 Oktoba

Nimemjaribisha Fintan Coyle ile suti. Fintan ndiye atakayeigiza mwana. Ana miaka ishirini na mitano, ni karani wa ghala la chai, na mzaha haumtoki mdomoni. Mabegani ilimkaa vizuri kabisa, ila mikono ilimfunika mpaka vidoleni.

"Mwenyewe alikuwa na mikono ya kuchumia tufaha bila ngazi," akasema. "Kata, Bi Delia, nisije nikaonekana nimeiba nguo za baba."

Nikakata mikono ya koti kwa upana wa vidole vitatu, na suruali vivyo hivyo. Vipande nikavitupa jikoni kwenye moto. Havikuwaka vizuri, vikatujazia chumba moshi wa kondoo.

20 Oktoba

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

27 Oktoba

Mazoezi mabaya. Bi Rosaleen Tighe, anayeigiza mama, analia vizuri sana lakini analia kama mtu wa mjini, kwa leso. Bwana Hartigan anasema tamthilia haina moyo bado. Hali, halali, anatembea tu na daftari lake dogo jeusi mfukoni. Nimemshonea kifungo cha koti akiwa bado amelivaa. Kuna siku namwonea huruma kama vile ni mdogo wangu.

Jumanne, 3 Novemba

Leo naandika mengi.

Saa nne asubuhi nilikuwa peke yangu ukumbini napiga pasi mashati. Akaingia mama mmoja mzee, shali kichwani, sketi nyekundu ya sufu imelowa mpaka magotini, barua mkononi. Nikadhani ni ombaomba. Naandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilikwisha kumwambia kwamba hatuna kitu kabla hajafungua mdomo.

"Sikuja kuomba, binti yangu," akasema. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, neno moja moja. "Nimefuata nguo za mwanangu."

Barua ilikuwa ile ya shukrani ya Bwana Hartigan. Mama huyu anaitwa Sabina Ruane. Mwanawe, Colman, alikufa mwanzoni mwa Septemba. Mkokoteni ulipinduka mtaroni naye akawa chini yake. Kwao mtu akifa, nguo zake huvaliwa na mwanamume mwingine kanisani Jumapili tatu, na hunyunyiziwa maji ya baraka. Zikishavaliwa hivyo, marehemu naye huko aliko anakuwa amevaa. Zisipovaliwa, anabaki uchi. Mama Sabina alimwachia mumewe kazi ya kumtafuta mvaaji, na mumewe akamwambia amezipeleka kwa mpwa wake, parokia ya mbali. Wiki zote hizo mama alikuwa akihesabu Jumapili na moyo umetulia. Kisha ikaja barua ya shukrani, mwalimu wa shule akamsomea.

"Kwa nini mzee alifanya hivyo?" nikauliza.

"Hakuweza kuziona zikining'inia. Kila akifungua mlango anadhani ni yeye. Simlaumu." Akafikiri kidogo. "Namlaumu, lakini simwambii."

Nilimletea ile suti. Sikukumbuka, Mungu wangu, sikukumbuka kabisa mpaka alipoishika. Alipitisha kiganja mabegani, akashuka na mkono wa koti, akafika mwisho kabla ya pale alipotarajia. Akarudia. Akakunja pindo na kutazama mshono wangu, ambao ni mshono mzuri.

"Vilivyobaki viko wapi?"

Nikamwambia vimeungua.

Alikaa juu ya sanduku la kofia, koti magotini, akasema, "Basi atakwenda huko mikono nje, na baridi ilivyo. Na tangu mdogo vifundo vyake vilikuwa vinapasuka kwa baridi."

Bwana Hartigan alikuwa amesimama mlangoni. Sijui aliingia saa ngapi. Nilidhani atakuja kumshika mkono, au atatoka. Alitoa daftari lake jeusi akaandika.

4 Novemba

Mama Sabina amelala kwangu. Kitanda ni kimoja, analala ukutani wala hatikisiki. Asubuhi nilimkuta amevua soksi zake anazifumua, na nyuzi anazikunja kuwa donge. Ni sufu ya kondoo walewale, akasema. Atafuma vipande vya kuunganisha mikono ya koti na miguu ya suruali. Nikampa soksi zangu, akakataa kwa adabu. Sasa anatembea miguu mitupu ndani ya viatu, na ni Novemba.

Bwana Hartigan amekuwa mwema. Amekubali suti ivaliwe kanisani Jumapili tatu, mradi ipatikane kwa maonyesho. Ameahidi pia kwamba msimu ukiisha atampa mama aende nayo.

"Nikishamaliza Jumapili zangu si yangu tena," mama akamjibu. "Ni ya aliyevaa."

Daftari likatoka tena.

5 Novemba

Fintan amekubali kuivaa. "Misa naenda hata hivyo, mama yangu angenichinja," akasema. Mama Sabina alimzungusha, akatazama mabega, akasema yanafaa.

Jumapili, 8 Novemba

Jumapili ya kwanza. Fintan alichelewa, Injili imekwisha kusomwa, macho mekundu ya ulevi wa jana. Alipotupita alinikonyeza. Ningeweza kumpiga kwa kitabu cha sala. Mama alihamia benchi lililo nyuma yake kabisa. Misa yote hakutazama altare. Alitazama mgongo wa lile koti, na wakati wa kupiga magoti alipiga magoti karibu sana mpaka pumzi yake ilimgusa Fintan shingoni, nikamwona kijana anajikunyata. Tulipotoka hakuwa na mzaha.

"Hiyo inahesabika?" akaniuliza pembeni. "Nilichelewa."

Nikampelekea mama swali. Akasema inahesabika, Colman naye alikuwa mchelewaji.

10 Novemba

Tumemaliza kuunganisha mikono. Vipande ni vya rangi nyingine kidogo. Mama alishona wa kulia, mimi wa kushoto. Wake ni mzuri kuliko wangu.

11 Novemba

Nimegombana na Bwana Hartigan, mara ya kwanza katika miaka minne.

Leo Bi Rosaleen alikuwa na karatasi mpya. Katika sehemu ya pili mama wa kwenye tamthilia anakiri mbele ya majirani kwamba ameuza nguo za marehemu mwanawe, kisha anaomboleza: atakwenda huko mikono nje, na baridi ilivyo. Neno kwa neno. Hata vifundo vinavyopasuka vimo.

"Yale ni maneno yake," nikamwambia.

"Ndiyo. Hujasikia kwamba sasa tamthilia ina moyo?"

"Na siye aliyezitoa nguo. Ni mumewe, naye hakuuza."

"Najua. Lakini jukwaani, Bi Mulhern, lazima awe mama. Akiwa baba ni kisa tu." Akanitazama kwa upole wake uleule niliouzoea. "Hakuna atakayejua ni yeye."

"Yeye atajua."

Alikohoa, akasema atafikiri. Hakufikiri.

Alhamisi, 12 Novemba, na naendelea Ijumaa asubuhi

Usiku wa kwanza wa maonyesho. Nilimwomba mama abaki nyumbani. Akasema koti likienda mahali na yeye anakwenda. Basi tulikaa pamoja upande wa chini, kwenye mabenchi, kwa sababu nyuma ya pazia hapatoshi. Ukumbi ulijaa. Nyuma yetu walikuwepo vijana wa chama cha kizalendo, chama cha Fintan mwenyewe, na niliwaona wameingia na tarumbeta za bati chini ya makoti, nikajua kuna jambo.

Sehemu ya kwanza ilipita salama. Fintan alipotokea na ile suti mama alinishika goti na kulibana, basi. Katika sehemu ya pili Bi Rosaleen akasimama mbele ya majirani zake wa jukwaani akasema ameuza nguo. Kisha yakaja yale maneno. Safari hii hakutumia leso, na lazima niseme aliyasema vizuri, aliyasema mpaka mwanamke aliyekuwa mbele yetu akaanza kulia. Mama Sabina aliinama sikioni kwangu.

"Yule anamlilia nani?"

Kabla sijafungua mdomo, kijana mmoja nyuma yetu alisimama juu ya benchi akapaza sauti: "Uongo! Hakuna mama wa Ireland anayeuza nguo za maiti wake!"

Ikawa ghasia. Tarumbeta, miguu, viazi vinaruka jukwaani. Wengine wanasema tumewatukana wakulima wetu mbele ya Waingereza, wengine wanawaambia hao wakae chini. Yule kijana aliendelea kupiga kelele, mate yanamtoka, akimtetea mama wa Ireland, na mama mwenyewe ameketi mbele ya magoti yake na shali kichwani.

Nikamwambia, "Twende." Hakunyanyuka.

"Anasema kweli," akasema. "Hakuna." Kisha akajifunika uso kwa shali na kukaa hivyo mpaka polisi walipoingia. Nilikuwa nimemkumbatia nami naona aibu ya mikono yangu iliyokata, na ya miaka minne niliyomshonea vifungo yule bwana. Pazia lilishuka kabla ya mwisho. Kiazi kilimpata Fintan juu ya jicho.

Bwana Hartigan alikuwa nyuma ya pazia, uso unang'aa. "Wamesikia," alikuwa akisema. "Angalau wamesikia."

13 Novemba

Ghasia tena. Magazeti yametutukana. Mama alikaa kwenye sanduku la kofia na masikio yake ameyaziba.

14 Novemba

Vilevile. Safari hii walirusha mayai.

Jumapili, 15 Novemba

Jumapili ya pili. Fintan alifika mapema, amenyoa, jicho limevimba. Watu waliinuka kwenye benchi lake wakahamia kwingine, wanaijua ile suti kutoka magazetini. Alibaki peke yake katikati ya benchi tupu, na mama nyuma yake.

Tuliporudi mama alikula viazi viwili na siagi, nikashukuru. Alinieleza habari za Colman: mvivu wa asubuhi, mwimbaji mbaya, aliwahi kumbeba mama mgongoni kuvuka mto ili asilowe, akateleza wakalowa wote. Alicheka. Nami nikamweleza habari za Joe wangu, aliyekufa kwa homa miaka tisa iliyopita, na jinsi nguo zake nilivyozipeleka kwa mwenye mitumba wiki ileile kwa kuwa nilitaka nafasi kabatini. Sijawahi kumwambia mtu. Mama akanimiminia chai.

18 Novemba

Chama kimemwita Fintan. Wamempa masharti: aache tamthilia hii, na asionekane tena ndani ya nguo hizo, jukwaani wala barabarani. Mkuu wake wa ghala la chai naye amemtisha kwamba atamwaga unga. Fintan amebaki kwenye tamthilia, ila hatanii tena mtu.

20 Novemba

Bwana Hartigan amefungia suti kabatini. Anasema wakiiona mtaani wataichana, na ana wiki moja zaidi ya maonyesho. "Mwambie mama ile Jumapili ya tatu tutaifanya baadaye," akasema. "Marehemu atangoja." Alisema bila ubaya. Ndilo linaloniumiza, kwamba hakuna ubaya wowote ndani yake.

Mama alipoambiwa akauliza ni baadaye lini. Jumapili zikikatika, zinaanza upya. Na shemeji yake amemwandikia kwamba mzee kule nyumbani hali tena, anakaa tu kuutazama mlango. Lazima aondoke Jumatatu.

Ufunguo wa pili wa kabati ninao mimi. Miaka minne hakuna aliyekumbuka.

Jumamosi, 21 Novemba

Nimezungumza na Fintan chini ya ngazi. Alinisikiliza huku anajikuna kovu la jicho.

"Naogopa, Bi Delia," akasema. "Si kupigwa. Wale ni rafiki zangu. Wakinitazama nikipita nimevaa hiyo, basi, nimekwisha kuchagua."

"Sikulazimishi."

"Laiti ungenilazimisha."

Akaenda zake. Nimeitoa suti. Ipo hapa juu ya kiti ninapoandika, na mama anaipiga brashi.

Jumapili, 22 Novemba

Jumapili ya tatu.

Saa moja asubuhi mlango ukagongwa. Fintan, mweupe kama shati, akavaa nyuma ya pazia langu la jikoni. Hatukupita njia za uchochoroni. Alikataa. "Kama ni kupita, nipite," akasema.

Kwenye daraja walikuwa sita au saba, vijana wa chama. Hawakupiga ngumi. Walimgeuzia migongo mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho akachota tope la barabarani akalipaka kwenye koti, mgongoni, kwa kiganja, taratibu. Fintan alimwita kwa jina lake la utotoni. Hakuitikiwa. Tukaendelea.

Kanisani mama alikaa nyuma yake, na padre alipokuwa akisoma, mama alitoa ncha ya shali yake akaitemea mate, akaanza kulisugua lile tope. Alisugua Misa nzima. Fintan alikaa wima asijitikise, na machozi yalikuwa yakimshuka mpaka kwenye kola. Nami nililia, wala sikuwa na leso.

Baada ya Misa mama alichovya vidole kwenye maji ya baraka, akanyunyiza mabegani, mgongoni, kisha kwenye vile vipande viwili vya mikono tulivyoshona. Fintan akataka kulivua koti ampe.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hilo ni lako sasa. Yeye anazo zake."

Ndipo alipoketi kwenye ngazi za kanisa, watu wanatupita, mvua inaanza tena. Nilidhani atafurahi. Miezi miwili na nusu mama huyu hakuwa na jambo jingine duniani. Alitazama viganja vyake, vimechafuka tope, akasema, "Nilikuwa na kazi ya kumfanyia. Sasa hanihitaji."

Niliketi naye.

Jioni Bwana Hartigan alikuja mpaka kwangu, amekuta kabati tupu. Nilimwambia suti ni mali ya Fintan, na kwamba mimi nikitakiwa kuondoka nitaondoka. Alikohoa. Hakunifukuza. Mwishoni akauliza kwa sauti ndogo, "Na yeye alisema nini, baada ya ile ya tatu?" Mkono wake ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni.

"Hakusema kitu," nikamjibu.

Nimeyaandika hapa lakini, maneno ya mama, kama alivyoyasema. Nimeketi muda mrefu nikijiuliza mimi na yule bwana tunatofautiana wapi, na sijapata jibu la kunitosha. Huenda ni kwamba mimi sitamsomea mtu.

Jumatatu, 23 Novemba

Nimemsindikiza mama stesheni. Alivaa soksi zangu, safari hii alikubali. Treni ilikuwa tayari inatoa moshi Fintan alipokuja mbio kutoka kazini, suti yake nyeusi ya ukarani, kofia mkononi, amemletea robo ya chai kwenye karatasi. Ndiyo ya mwisho, akasema, wamempa barua ya kufukuzwa asubuhi.

Alisimama dirishani akampa ile chai. Mama akaipokea, akamshukuru kwa heshima zote anazopewa mgeni. Akamtazama usoni, yeye aliyezoea kutazama koti tu, akangoja aendelee na safari yake. Kisha akanigeukia mimi.

"Kijana mwema," akasema. "Ni nani?"

Fintan alivaa kofia yake, akashuka ngazi kwenda mjini, na mama akabaki dirishani ananisubiri nimjibu mpaka treni ikaondoka.